Kufuma sweta kwa uzi uliousokota mwenyewe, kuanzia manyoya ya kondoo mpaka mkono wa mwisho

Watu wengi wakishajua kusokota sufu wanakwama hapo hapo. Wako na vitita sita saba vya uzi kwenye kikapu, vimekaa vizuri hata mgeni akija anavishika, lakini hakuna kinachovaliwa, kila mwaka ni kofia na skafu tu. Sweta inaogopesha. Na anayejipa moyo akajaribu anachukua patani iliyoandikiwa uzi wa dukani, anaanzisha vitanzi vile vile vilivyoandikwa, na inatoka nguo ya mtu mwingine kabisa.

Shida iko kwa kuanzia. Ukinunua uzi, unachagua patani kwanza halafu unaenda dukani kutafuta uzi wa kuifaa. Uzi wa mkono wako hauko dukani, uko mmoja tu duniani, kwa hivyo huo ndio utangulie, uupime, uufumie sampo (kipande kidogo cha kujaribia), halafu namba zote za sweta zitoke kwake. Ukishika hilo, mengine ni kazi ya mikono na muda.

Mimi niko upande wa Kinangop, huku Nyandarua, na ikifika mwezi wa saba baridi ya huku si ya kusimuliwa, kwa hivyo sweta ninayoielezea hapa ni ya kuvaliwa kweli, ya mtu mzima, mikono mirefu, inafumwa kwa mzunguko kuanzia shingoni kushuka. Nimechagua ya kushuka kwa sababu unaweza kumvalisha mwenyewe ikiwa bado kwenye sindano, na uzi ukipungua unakata urefu wa chini badala ya kubaki na sweta yenye mkono mmoja.

Kwanza sufu

Si kila kondoo ana sufu ya kusokota. Kondoo mwekundu wa Kimasai na Dopa hawa wa nyama usihangaike nao, wana nywele zaidi kuliko sufu. Unatafuta Corriedale, ule uzao wa New Zealand uliotokana na Merino na Lincoln, au Merino mwenyewe, au machotara wao, na huku nyanda za juu wapo kwa wakulima. Merino ni laini zaidi ya kugusa shingo lakini nyuzi zake ni fupi na inajikunja vidonge (vile vinundu vidogo vya juu ya nguo) haraka, kwa hivyo sweta ya kwanza mimi nasema Corriedale, tena ya mwenye anayechunga kondoo wake vizuri.

Kabla hujalipa fanya hivi: chomoa shungi moja jembamba, shika ncha mbili, lilete karibu na sikio ulivute kwa ghafla. Likilia kama uzi wa gitaa ni zima. Likilia kama karatasi inayochanika, huyo kondoo aliugua au alikosa chakula wakati sufu ikiota, kuna mahali imedhoofika, na itakukatikia kwenye kusokota na tena kwenye kiwiko cha sweta. Iache hata kama ni ya bure. Urefu wa shungi ukiwa sentimita 8 mpaka 12 ni mzuri kwa mkono wa kawaida.

Nunua kilo 2 ya sufu chafu. Inaonekana nyingi, lakini mafuta, jasho na vumbi vinaweza kuwa karibu nusu ya uzito, halafu utatupa za tumboni na za mkiani zenye kinyesi, halafu kuchana nako kuna mabaki. Sweta yenyewe itakula gramu 600 hivi na unataka ubaki na akiba.

Kuosha ndio mahali watu wanaharibu. Sufu haiogopi maji ya moto, inaogopa kusuguliwa ikiwa na moto na sabuni, na inaogopa kutolewa kwenye moto ghafla ikatiwa kwenye baridi. Ikifanyiwa hivyo inashikana inakuwa blanketi na hakuna wa kuirudisha. Weka sufu kwenye neti ya vitunguu, robo kilo kwa mara moja, beseni la maji ya moto ambayo mkono hauvumilii kukaa (kama digrii 60), tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwanza ukoroge, ndio uzamishe neti polepole. Usiguse. Dakika 15 au 20, toa kabla maji hayajapoa kwa sababu mafuta yakipoa yanarudi kushika sufu. Rudia mara mbili na sabuni, mara mbili bila sabuni, kila maji moto sawa na yaliyotangulia, ya mwisho yanaweza kupungua kidogo. Omo na sabuni za unga za nguo zina ukali, zinakula sufu, usizitumie. Anika kivulini juu ya waya wa kuku, ukiigeuza geuza.

Kusokota ukiwa na sweta kichwani

Kuchana sitakaa sana. Brashi mbili za kuchania, sufu kidogo tu, viboko vyepesi, kunja kiwe kibomba laini. Ukiona vinundu, umejaza brashi kupita kiasi.

Kama huna gurudumu, kijiti cha kusokotea kinatosha, nimefuma sweta mbili kwa uzi wa kijiti. Chukua sidi mbili kuukuu, zibane kwenye kijiti cha unene wa penseli kwa raba, ndoano ndogo juu, imekwisha. Kina shosho zetu walikuwa wanapindia mkonge wa kiondo kwenye paja bila chombo chochote, na aliyewahi kuwaona anajua kitu kimoja ambacho ndicho kusokota kwenyewe: vidole vinaachia nyuzi kidogo kidogo, na msokoto unafuata nyuma. Msokoto usiruhusiwe kuingia kwenye sufu ambayo hujaivuta ikakonda, ukiingia hapo unapata donge.

Kwa sweta kinachotafutwa ni uzi wa kufanana kuanzia gramu ya kwanza mpaka ya mia sita. Kazi hii ni ya wiki nyingi, na mkono unabadilika bila wewe kujua, ukianza mnene mwisho wa mwezi unasokota mwembamba kwa sababu umezoea. Dawa yake ni ndogo: ule uzi wa kwanza ulioupenda, kata kipande ukizungushe kwenye kikaratasi kigumu, na kingine kama hicho hicho ukiache kijikunje chenyewe mara mbili (ukishika katikati na kuleta ncha pamoja, uzi mbichi unajipinda wenyewe kuwa nyuzi mbili) ukifunge pembeni. Hicho kikaratasi kikae mapajani kila ukikaa kusokota. Kila dakika kumi hivi linganisha. Mimi changu kina mafuta na kimechakaa lakini sisokoti bila hicho.

Msokoto wenyewe uwe wa wastani. Uzi uliolegea ni mtamu kushika na kwa skafu ni sawa, lakini kwapani na kwenye mkono wa sweta utatoa vidonge ndani ya mwezi. Uliokaza sana unakuwa kamba, sweta inasimama yenyewe kama kibao.

Zungusha kuelekea kulia kwa uzi wa kwanza, ujaze, uache ulale siku moja. Kisha unganisha nyuzi mbili au tatu pamoja kwa kuzungusha kushoto. Usifume sweta kwa uzi mmoja usiounganishwa, msokoto wake unavuta upande mmoja na nguo inapinda, mshono wa ubavuni unajikuta mbele ya tumbo. Nyuzi mbili ni sawa kabisa. Nyuzi tatu ni kazi zaidi lakini uzi unakuwa wa mviringo, vitanzi vinajaa, na unadumu zaidi kwenye kusuguana, kwa hivyo kama sweta ni ya kuvaliwa shambani jitahidi ya tatu.

Hapa kuna siri ninayoipenda sana. Usiunganishe nyuzi kwa mpangilio uliozisokota. Sokota zote kwanza, ziandike namba, halafu chukua ya kwanza kabisa uiunganishe na ya mwisho kabisa, ya pili na ile inayotangulia ya mwisho, hivyo hivyo. Unene wa mwanzo na wembamba wa mwisho vinakutana kwenye uzi mmoja na vitita vyote vinatoka karibu ndugu.

Osha uzi kabla ya kuupima

Zungusha uzi kwenye miguu minne ya stuli iliyopinduliwa upate kitita, funga sehemu nne kwa uzi mwingine bila kukaza. Na hapo hapo hesabu mizunguko, kwa sababu ukipima mzunguko mmoja wa stuli ni mita 1.2 na umezungusha mara 150, una mita 180. Kila kitita kiandikiwe urefu na uzito. Hii namba ndiyo itakuambia kama sweta itaisha.

Loweka kitita kwenye maji ya moto nusu saa, kamua ndani ya taulo, halafu kishike ukipige kwenye ukuta au kwenye nguzo mara tatu nne ukikigeuza, usiogope, msokoto unajipanga na uzi unavimba kidogo. Kitundike kikauke kikiwa huru. Kuna wanaotundika jiwe au chupa ya maji chini ili uzi unyooke, tafadhali usifanye hivyo kwa uzi wa sweta, utakauka ukiwa umevutwa, utafuma, na siku utakapofua sweta uzi utarudi mahali pake na nguo irudi nayo.

Ukikauka, zungusha uzi kwenye rula bila kuvuta, mistari igusane, uhesabu inayojaa kwenye sentimita 2.5. Ikiwa 9 mpaka 11, jaribu sindano ya milimita 4.5 au 5. Ikiwa 14 hivi, shuka mpaka 3.5. Ni pa kuanzia tu, sampo ndiyo itaamua.

Sampo

Nitakaa hapa kwa sababu hapa ndipo nililipia.

Sweta yangu ya kwanza nilifanya sampo, nikafuma kakipande ka sentimita 8, nikapima nikapata vitanzi 20 kwa sentimita 10, nikafurahi, nikaanzisha hesabu ya vitanzi 200 kifuani ili nipate sentimita 100. Sikuifua ile sampo. Miezi mitatu nafuma. Nikamaliza, nikaifua, nikaianika, na ilipokauka nikapima tena: vitanzi 17 na nusu kwa sentimita 10. Piga hesabu, vitanzi 200 sasa ni sentimita 114, na kwa sababu ilikuwa nzito ilikuwa imeshuka mpaka karibu na magoti. Nililia kweli. Uzi ulikuwa mzuri, wa kondoo niliyemjua, na kosa lilikuwa la jioni moja tu.

Basi sampo ifanywe hivi. Anzisha vitanzi 36, fuma angalau sentimita 15 kwenda juu. Kwa kuwa sweta itafumwa kwa mzunguko bila kugeuza, sampo nayo ifumwe upande wa mbele tu: ukifika mwisho wa mstari usigeuze, telezesha vitanzi kurudi upande wa pili wa sindano ya waya (zile mbili zilizounganishwa kwa waya), uzi upite nyuma ukiwa umelegea sana, uanze tena kutoka kulia. Mkono wa watu wengi unalegea au unakaza kwenye mstari wa kurudi, kwa hivyo sampo ya kugeuza inadanganya.

Ipime, andika. Ifue kama utakavyofua sweta. Ikiwa mbichi itandaze bila kuivuta. Ikikauka ibane kwa vibanio kwenye kamba, ining'inie usiku kucha na vibanio vingine vitatu vinne chini vikiwa kama uzito wa sweta. Asubuhi pima tena katikati, si pembeni, vitanzi vingapi kwa sentimita 10 upana na mistari mingapi kwa sentimita 10 urefu. Hizo ndizo namba zako. Za kabla ya kufua kazi yake ni kukuonyesha vile nguo itabadilika ili usishtuke ukiwa katikati.

Halafu ishike mkononi. Ikiwa ngumu panda sindano moja juu. Ikiwa unaona vidole vyako kupitia katikati ya vitanzi shuka. Isugue na kiganja mara hamsini uone kama inatoa vidonge. Iweke shingoni chini ya skafu utembee nayo saa moja, kama inakuwasha shingo ni heri ujue sasa. Uzi wa mkono mara nyingi ni mzito kuliko wa dukani wa unene ule ule, kwa hivyo kati ya sindano mbili zinazofaa mimi huchukua ile kubwa.

Hesabu

Tuseme sampo imekupa vitanzi 18 na mistari 26 kwa sentimita 10, yaani 1.8 na 2.6 kwa sentimita moja. Kifua cha mwenyewe ni sentimita 96, mwongezee 8 ya kupumua na shati la ndani, 104. Mara 1.8 ni 187, fanya 188.

Shingo sentimita 46 mara 1.8, fanya vitanzi 84. Vigawe: mgongo 28, mbele 28, mikono 12 na 12, na vinne vilivyobaki ndio mistari minne ya mabega inayotenganisha hivyo vipande. Tia alama kwa pini au kipete cha uzi wa rangi nyingine.

Fuma lastiki ya shingo kwanza (ule ukingo unaovutika), vitanzi viwili wazi (knit) viwili kinyume (purl), sentimita 3, halafu endelea wazi. Ukitaka shingo ikae vizuri fuma mistari minne mpaka sita ya kwenda na kurudi upande wa mgongo tu ili nyuma iinuke kidogo. Kisha kila mzunguko wa pili ongeza kitanzi kila upande wa kila mstari wa bega, yaani vitanzi 8 kwa mara moja. Fanya mara 27. Hiyo ni mizunguko 54, karibu sentimita 21, ndio inafika kwapani. Lakini usiamini namba peke yake, pitisha vitanzi kwenye uzi mrefu umvalishe mwenyewe. Kama bado inabana kwapani ongeza mizunguko miwili mitatu bila kuongeza vitanzi.

Sasa gawa. Mgongo una 28 na 54 ulizoongeza na 2 za mabega, 84. Mbele vile vile 84. Kila mkono una 66, hiyo weka kando kwenye uzi. Anzisha vitanzi 10 chini ya kila kwapa. 84 na 84 na 20 ni 188, umefika kifuani. Ukiwa na namba tofauti na hizi badilisha tu, mpangilio ni ule ule.

Tangu mwanzo fuma na madonge mawili ya uzi kutoka vitita tofauti kwa zamu, mizunguko miwili ya hili, miwili ya lile. Hata vitita vilivyofanana kwenye kikapu vina tofauti ambayo jicho halioni mpaka viwe nguo, na mahali kimoja kimeisha na kingine kimeanza patatokea mstari mgongoni kama mtu amefungwa mkanda.

Ukishuka sentimita 10 chini ya kwapa, acha mwili. Nenda mikono. Kila mkono ni vitanzi 66 na 10 vya kwapani, 76. Kifundo kinataka 40 hivi, kwa hivyo upunguze 36, viwili kwa mara moja, mara 18, kila mzunguko wa tano. Mikono yote miwili ikiisha na lastiki zake za sentimita 6, weka uzi uliobaki kwenye mizani ya jikoni. Sasa unajua mwili umebaki na gramu ngapi, na unafuma kwa amani mpaka zibaki kama 40, hapo unaanza lastiki ya chini. Lastiki zote tumia sindano ndogo kwa saizi mbili. Kuanzisha vitanzi shingoni na kuvifunga chini usikaze, nguo itakatika pale pale mtu anapovua kwa haraka.

Gramu chache zilizobaki usizifumie kitu, zitunze na sampo, kiwiko kikija kutoboka unaziba na uzi ule ule.

Sweta ikiisha iloweke maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota, ikunje ndani ya taulo uikanyage, halafu itandaze mezani au kitandani juu ya taulo kavu uipange kwa vipimo: kifua 104, mkono sawa na mkono. Usianike kwenye kamba. Hapa Kinangop msimu wa ukungu inachukua siku tatu kukauka, na siku ya pili naigeuza, nabadilisha taulo, na kuvuta kidogo pale chini ya kwapa kunakopenda kukunjamana.